Bi Sihaba, Mali ya Ubia

Ilikuwapo nchi moja ambayo haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo hakuna msomaji mwenye sababu ya kuinua nyusi, wala mkubwa mwenye sababu ya kununa. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo, na Makumbusho ya Taifa ya Sanaa. Bendera ilipepea, wimbo uliimbwa, na makumbusho yalivuja.

Yalivuja kwa miaka kumi na tisa. Maji yaliteremka ukutani yakapita katikati ya mchoro mkubwa wa nyanda za malisho, hata wageni wa miaka ya karibuni wakaamini kwamba mchoraji alikusudia mto. Wizara iliunda tume ya kuchunguza paa. Tume ikapanda, ikateremka, ikaandika kwamba paa lipo, isipokuwa pale ambapo halipo.

Ndipo Mheshimiwa Waziri wa Urithi na Ubia alipopata wazo, akaliitia mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi," alisema, "sanaa ni kitu kizito mno kubebwa na Serikali peke yake, tena ni kitu kitukufu mno kuachiwa wafanyabiashara peke yao. Kwa hiyo tutaibeba wawili, mmoja upande wa kichwa, mwingine upande wa miguu."

Watu walipiga makofi, ingawa wale waliowahi kubeba jeneza walitazamana.

Mbia aliyepatikana alikuwa Kampuni ya Magodoro ya Lala Unono, chini ya mkurugenzi wake, Bwana Ndelemo, mtu mnene wa tabasamu na mwembamba wa maneno. Mkataba ukaandikwa, kurasa mia mbili na kumi na nne. Serikali ilibaki na paa, Mbia akachukua kila kilicho chini ya paa. Tone la mvua likiwa bado darini lilikuwa la Serikali, na likishafika sakafuni lilikuwa la Mbia. Kuhusu tone lililo njiani, iliundwa kamati.

Wiki ya kwanza ya ubia, viti vya wageni viliondolewa na mahali pake pakatandikwa magodoro. Mafanikio yalionekana papo hapo. Zamani mgeni alisimama mbele ya mchoro kwa nusu dakika. Sasa alikaa mbele yake saa tatu, na wengine iliwabidi waamshwe. Bwana Ndelemo alitangaza kwamba upendo wa wananchi kwa sanaa umeongezeka maradufu mara nyingi.

*

Katika Chumba cha Tatu cha makumbusho hayo alikaa Bi Sihaba, msimamizi, mjane mwenye umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amekalia kiti kimoja cha mbao, akizuia vidole vya watoto visiguse vinyago na akiwaonyesha watu wazima mlango wa msalani. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Taratibu zilisema msimamizi asitembeetembee, naye hakutembeatembea.

Siku zile moyo wake haukuwa katika ubia hata kidogo. Bintiye wa pekee, Raya, alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Hamdani, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bi Sihaba alikuwa amemlea binti huyo peke yake tangu akiwa na miezi minne, naye alihesabu siku kama mwenye njaa anavyohesabu mafiga.

Jumatatu ya makabidhiano, wahesabuji wa Mbia walikuja kuorodhesha mali. Mkataba uliwapa kanuni nyepesi: chenye kutembea ni mfanyakazi, kisichotembea kwa robo saa ni kazi ya sanaa. Kanuni hiyo ingefaa katika nchi nyingine. Katika nchi ile, desturi ilikuwa kwamba mkubwa akiingia mahali, mdogo hutulia tuli mpaka mkubwa atoke. Muuza karanga aliacha mkono hewani, na kinyozi aliacha nusu ya kichwa. Na siku hiyo wahesabuji waliandamana na Waziri mwenyewe.

Wafanyakazi wengine waliposikia king'ora cha msafara wa Waziri walikimbilia jikoni kunywa chai. Bi Sihaba alibaki kitini pake, mikono mapajani, macho mbele, akatulia kama adabu ilivyotaka.

Karani mmoja mwenye miwani alisimama mbele yake. Akamzunguka mara mbili.

"Hii nayo ni kazi nzuri," akamwambia Waziri. "Hata mikunjo ya shingo haikusahauliwa."

"Ina uzalendo," alisema Waziri. "Andika."

Bi Sihaba aliona joto likimpanda kwa ajili ya ile mikunjo, lakini Waziri alikuwa bado chumbani. Waziri alikaa robo saa nzima akieleza jinsi mti unavyoweza kupewa roho na fundi hodari. Karani akaandika: *Namba 418. Mwanamke Aliyeketi. Mbao iliyopakwa rangi, kitambaa cha pamba. Msanii hajulikani. Hali: nzuri kiasi.* Waziri akatia sahihi, akatoka.

"Samahani, baba," alisema Bi Sihaba, "mimi ni mfanyakazi."

Karani aliruka nyuma, kisha akajikusanya.

"Mama, ungesema mapema."

"Waziri alikuwamo."

"Kweli, alikuwamo." Alitazama karatasi yake kwa huzuni ya kweli. "Lakini nimeshaandika kwa wino, na Mheshimiwa ameshatia sahihi. Kuanzia sasa wewe ni mali ya ubia."

"Na hiyo 'nzuri kiasi' ni ya nini?"

"Kuna magoti, mama," alisema karani kwa upole.

*

Bi Sihaba alicheka, akaendelea na kazi. Saa kumi alasiri alichukua mkoba wake akaenda langoni. Langoni alikuwapo Mzee Kombo, mlinzi, ambaye alikuwa amekunywa naye chai kwa miaka ishirini. Mzee Kombo alikuwa ameshika orodha mpya.

"Dada Sihaba, rudi ndani. Nikikuachia nitakuwa nimeshirikiana na mwizi."

"Mwizi yupi?"

"Wewe."

"Nimeiba nini?"

"Wewe." Mzee Kombo alijikuna kidevu. "Nimepiga simu kuuliza. Wanasema mwizi wa mali ya taifa hupelekwa jela, na kilichoibwa hurudishwa makumbusho. Sasa hawajui nusu ipi waipeleke wapi. Usiwatie watu kazini, dada yangu."

Bi Sihaba akapanda ghorofani, kwa Afisa wa Serikali.

"Kilicho chini ya paa ni cha Mbia," alisema Afisa. "Mimi hapa nina paa tu. Una malalamiko yoyote kuhusu paa?"

Akaenda kwa Bwana Ndelemo. Bwana Ndelemo aliinuka, akamzunguka kama vile karani alivyomzunguka.

"Mama, mimi ni msimamizi tu. Umiliki ni wa Serikali. Lakini nikuulize, ni kweli unajipangusa vumbi mwenyewe?"

"Naoga, kama unauliza hilo."

"Kazi mia nne na kumi na nane, na moja tu inajitunza," alisema Bwana Ndelemo, akakaa chini taratibu kama mtu aliyepata habari njema. "Mama, kaa. Nchi inakuhitaji ukae."

Basi alikaa. Kusema kweli, hakutendewa vibaya. Alipokuwa mtumishi alijiletea viazi kwenye kibati. Alipokuwa mali, fundi wa uhifadhi aliandika kwamba apewe wali, samaki, na maziwa asubuhi, ili asipasuke. Alilazwa katika ghala, juu ya godoro la maonyesho, unene wa inchi kumi na mbili. Alizungushiwa kamba nyekundu. Wageni wakafurika, maana habari zilienea kwamba kuna kinyago kinachopiga chafya. Profesa mmoja alisimama mbele yake saa nzima, akawaambia wanafunzi wake kwamba hapa msanii anatuonyesha ukimya wa mwanamke kama aina ya ukaidi. Bi Sihaba alitamani kumwambia kwamba anataka kwenda nyumbani kuchambua mchele wa harusi, lakini profesa naye alikuwa mkubwa kwa namna yake.

*

Jumatatu ya wiki ya pili, Raya aliingia na tiketi mkononi, akasimama nyuma ya kamba.

"Mama, wakwe wameshafika."

"Wamepata pa kulala?"

"Wamepata. Lakini shangazi yake Hamdani amekuja na mkaja."

Bi Sihaba akafumba macho. Mkaja ni nguo ambayo upande wa mume humpa mama mzazi wa bibi arusi, kwa heshima ya tumbo lililombeba na kiuno kilichofungwa baada ya kumzaa. Mkaja usipopokelewa, ndoa haifungwi, na anayeupokea ni yeye, kwa mikono yake. Kwa wanawake wengi ni kipande cha nguo. Kwa Bi Sihaba, aliyemlea mtoto bila mtu wa kupokezana naye hata kilio, ilikuwa ndiyo mara moja maishani ambapo watu wazima wangesimama mbele yake na kusema: tumeiona kazi yako.

"Mwambie ampe shangazi yako mdogo."

"Nimemwambia. Kasema mkaja haupokelewi kwa wakala. Kakaa nao mapajani, hali chakula, anauliza tumbo lililomzaa binti liko wapi. Nikamwambia liko makumbusho." Raya akaikunja tiketi mkononi. "Wamenipa hadi Ijumaa, mama. Jumamosi wanarudi kwao, na Hamdani wao."

"Hamdani mwenyewe anasemaje?"

"Analia. Lakini analia upande wa kwao."

Bi Sihaba alinyoosha mkono ili amguse mwanawe. Kengele ya kamba ikalia, na mlinzi mpya wa Mbia akaja mbio.

"Dada, tafadhali, usiiguse kazi."

"Ni yeye anayenigusa."

"Basi mama, tafadhali, usiwaguse wageni."

*

Siku hiyohiyo Raya alikwenda kumwita bibi yake, Bi Mwanakheri, mama mzazi wa Bi Sihaba. Bi Mwanakheri alikuwa na miaka sabini na tisa na bakora ambayo hakuihitaji kwa kutembelea. Alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na mmoja, katika darasa la ngumbaro lililofanyika ghalani, katikati ya magunia. Tangu hapo hakuruka neno hata moja katika maandishi yoyote, kwa sababu kila neno lilikuwa limemgharimu.

Alisimama mbele ya bintiye, akaweka kidole chini ya maandishi ya kibao kilichotundikwa kwenye kamba, akasoma polepole kwa sauti.

"Mwa-na-mke A-li-ye-keti. Haya. Mbao i-li-yo-pa-kwa rangi." Akamtazama bintiye. "Mbao?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"M-sa-nii ha-ju-li-ka-ni." Kidole kikasimama. "Hajulikani? Na mimi siku ile nilikuwa wapi? Sokoni?"

Wageni waliokuwa wamelala wakaamka.

"Mama, wakubwa watasikia."

"Wasikie. Niliumwa siku mbili na usiku mmoja, leo mtu wa magodoro ananiambia sijulikani." Akamgeukia mlinzi. "Haya yote yameandikwa wapi?"

Mlinzi akamwonyesha mkataba. Sheria ya nchi ile ilitaka kila mkataba wa umma uwekwe hadharani, kwa hiyo ulikuwa umening'inizwa kwa uzi kando ya mlango mkuu. Hakuna aliyewahi kuugusa. Waziri alitia sahihi akimwamini wakili, wakili alimwamini mwandishi wake, na mwandishi aliunakili kutoka mkataba mwingine, akiuamini.

Bi Mwanakheri aliomba kiti. Akakaa mlangoni siku ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Mzee Kombo alimletea chai.

"Umefika wapi, mama?"

"Ukurasa wa tisini. Neno 'isipokuwa' limetokea mara arobaini na moja. Mtu anayesema 'isipokuwa' hivi, Kombo, ana jambo."

Jumatano alasiri kidole kilisimama kwenye Kifungu cha Hamsini na Tatu. Bi Mwanakheri alikisoma mara tatu, akamaliza chai yake, akasema, "Kombo, niitie wakubwa."

*

Alhamisi asubuhi kikao kilifanyika Chumba cha Tatu. Waziri aliketi juu ya godoro la daraja la kwanza, Bwana Ndelemo juu ya la daraja la pili, na wakili wa Serikali chini, kwenye mkeka. Bi Sihaba alikuwa kitini pake ndani ya kamba. Waziri alipoingia alikuwa ametulia tena tuli, bila kukusudia, na alijichukia kwa hilo.

Bi Mwanakheri alisoma bila miwani: "Msanii aliye hai, akithibitisha kwamba kazi ni yake na kwamba haijakamilika, atarudishiwa bila masharti, ili Serikali na Mbia wasije wakaonekana kuonyesha kazi nusu."

"Kifungu hicho kipo?" Waziri alimwuliza wakili.

Wakili alipekua, akapekua. "Kipo, Mheshimiwa. Nami ndio kwanza nakiona leo."

"Nani alimruhusu huyu bibi kuusoma mkataba?"

"Umetundikwa, Mheshimiwa."

"Umetundikwa ili uonekane," alisema Waziri kwa masikitiko. "Haya, bibi. Thibitisha. Ulitumia muda gani kuitengeneza kazi hii?"

"Miezi tisa, na wiki moja ya ukaidi wake."

"Ulikuwa na msaidizi?"

"Baba yake alishiriki hatua ya awali tu."

Wakili akaandika.

"Ulitoa nakala nyingine?"

"Sita. Huyu ni wa pili."

"Toleo la pili kati ya sita," aliandika wakili. "Zinafanana?"

"Hazifanani hata moja, na zote zinanidai."

Bwana Ndelemo akainua mkono. "Mheshimiwa, msanii yeyote wa kweli huacha alama yake. Ipo hapa?"

"Kiwiko cha kushoto," alisema Bi Mwanakheri. "Alikuwa na miaka minne, akaegemea chungu cha maharage nikimwambia asiegemee."

Wakili aliingia ndani ya kamba, akaomba radhi, akakunja mkono wa nguo. Alama ilikuwapo, umbo la jani.

"Sahihi ipo," akatangaza.

"Vyema, kazi ni yake," alisema Bwana Ndelemo, na tabasamu lake lilikuwa limepungua unene. "Lakini imekamilika. Ina miaka hamsini na minane. Ina mtoto anayeolewa. Utaniambiaje haijakamilika?"

Bi Mwanakheri akamgeukia bintiye. "Sihaba, umekunywa dawa ya presha leo?"

"Bado, mama."

"Mmeona."

"Hilo ni dogo, bibi," alisema Waziri.

"Ni dogo. Kubwa ndilo hili." Bi Mwanakheri alisogea mpaka akaigusa kamba, na safari hii hakuna aliyethubutu kumkataza. "Nilimfundisha huyu kuamkia. Nilimfundisha kunyamaza mkubwa akiongea, kutulia mkubwa akipita. Nilidhani namfundisha adabu, na nilimfundisha vizuri mno. Mtu alisimama mbele yake akamwita mbao, naye akanyamaza robo saa, kwa heshima. Mimi nikasahau kumfundisha kusema 'mimi si mbao'. Fundi anayesahau kitu kama hicho hawezi kusema amemaliza."

Bi Sihaba aliwatazama waliokuwa juu ya magodoro. Kisha akashika mikono ya kiti, akainuka mbele ya Waziri aliyeketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi si mbao. Na kesho namwoza mwanangu."

Waziri alimtazama wakili. Wakili alitazama mkataba. Mkataba haukuwa na kifungu kinachozuia hilo.

"Serikali," alisema Waziri hatimaye, akiinuka kwa shida kutoka kwenye godoro, "haiwezi kukubali nchi ionyeshe kazi ambazo hazijakamilika. Huo ndio umekuwa msimamo wetu tangu mwanzo."

Bwana Ndelemo alimfuata Bi Mwanakheri hadi mlangoni na fomu. "Bibi, tuandike basi tarehe. Utaikamilisha lini?"

"Andika kwamba sijui," alisema Bi Mwanakheri. "Na nikifa kabla ya hapo, msimwulize mtu mwingine. Muulizeni yeye."

Langoni, Mzee Kombo alikuwa na orodha yake. Mbele ya Namba 418 aliandika kwa mwandiko mzuri: *Imerudishwa kwa fundi, kwa marekebisho.* Kisha akafungua lango lote, mabawa mawili, kama wanavyofunguliwa wageni wa taifa.

*

Ijumaa, kabla ya swala ya adhuhuri, ua wa Bi Sihaba ulijaa wanawake. Pilau ilikuwa motoni. Shangazi yake Hamdani, mwanamke mrefu asiyecheka kwa bahati mbaya, alisimama na mkaja juu ya viganja vyake viwili: nguo ya zambarau yenye maua meupe, iliyokunjwa mara nne.

"Tunamtafuta aliyelibeba tumbo," alisema.

"Nipo," alisema Bi Sihaba.

"Tumekungoja."

"Nilikuwa nimezuiliwa."

"Na nani?"

"Na ubia."

Shangazi alifikiri kidogo. "Sisi kwetu hatuna ugonjwa huo," akasema. "Pole. Tumeiona kazi yako, dada. Imetupendeza, na tunakuja kuichukua. Shika."

Bi Sihaba akapokea. Nguo ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alitaka kusema maneno aliyoyaandaa kwa miaka ishirini na minne, na hata moja halikuja. Machozi ndiyo yaliyokuja, yakavuta wanja mpaka kidevuni, na vigelegele vikapanda pande zote za ua.

Bi Mwanakheri alijipenyeza kati ya wanawake. Akakunja ncha ya kanga yake, akailowesha mdomoni, akaanza kumsugua bintiye shavu kwa nguvu, mbele ya wakwe, kama anayesugua sufuria.

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame. Geuza shavu."

Bi Sihaba aligeuza shavu. Na alipokuwa amegeuka hivyo, mkaja kifuani, akamwona Raya mlangoni, amepambwa, ukosi wa gauni lake umejikunja upande mmoja. Akanyoosha mkono wake uliokuwa huru, akaanza kuuweka sawa.